Betri nane, njaa ileile

Saiti yangu ya kwanza ya sola kuipigia hesabu mwenyewe ilikuwa juu ya kilima kimoja upande wa Mpwapwa, mwaka 2017. Kabla ya hapo nilikuwa fundi wa kufuata: mwingine anapiga hesabu, mimi napanda mnara, nafunga antena, nashuka. Safari hii bosi aliniita ofisini pale Dodoma mjini akanisogezea karatasi.

"Wewe si umesoma umeme? Niambie betri ngapi, sola ngapi. Ijumaa nataka bei."

Kazi yenyewe haikuwa kubwa. Kilikuwa kituo cha kupokezana mawimbi: redio mbili za maikrowevu, moja inatazama upande wa mjini, nyingine inatazama bondeni kwenye kituo cha afya na ofisi ya kata, katikati yake swichi ndogo, na juu ya mnara taa ya usiku. Nguzo za umeme ziliishia mbali huko chini. Jenereta bosi hakutaka kulisikia. Kupandisha dizeli kilimani kila wiki ni gharama, halafu dizeli ya kilimani ina tabia ya kupungua hata jenereta likiwa limezimwa.

Nikakaa na vibao vya vifaa, vile vinavyoandikwa wati zake. Redio wati 35 kila moja, swichi wati 12, taa wati 8. Redio mbili kwa saa 24 ni wati saa 1,680, swichi 288, taa inawaka saa kumi na mbili tu, kwa hiyo 96. Jumla 2,064 kwa siku. Vifaa vya simu karibu vyote vinatumia volti 48, kwa hiyo ukigawanya unapata ampea saa 43 hivi kila siku; kwa ampea saa ndiyo tunapima ukubwa wa betri. Betri za risasi ukizizoesha kushuka chini ya nusu unazifupishia maisha, na mimi nilitaka saiti ivumilie siku tatu bila jua. 2,064 mara tatu, mara mbili, gawa kwa 48: ampea saa 258.

Upande wa sola nilichukua saa tano na nusu za jua kamili. Kwa asiyelijua neno hilo: jua la Dodoma linawaka saa kumi na mbili, lakini la asubuhi na la jioni ni dhaifu, kwa hiyo tunalikusanya lote na kuuliza lingekuwa saa ngapi kama lingewaka kwa nguvu ya mchana muda wote. Tano na nusu ni wastani mzuri kwa kanda hii. Nikatoa asilimia 30 ya hasara za nyaya, joto, vumbi na betri zenyewe. Ikaja wati 536. Nikaandika paneli nne za wati 150.

Bosi aliisoma karatasi akacheka. "Siku tatu bila jua, Dodoma hii? Mvua yenyewe tunaiomba kanisani na msikitini. Weka betri za 200."

Ndivyo ilivyokuwa. Betri nne za volti 12, ampea saa 200, zimefuatana mstari mmoja kupata 48. Nilinung'unika kidogo, nikaondoka na karatasi yangu ya 258 mfukoni. Nikaitunza.

Kuzipandisha ndiko kulikonifundisha uzito wa neno betri. Moja ina kilo 60 hivi. Gari liliishia kwenye mbuyu chini ya kilima, tukapata vijana wa kijijini, wanne kwa kila betri, wameifunga kwa kamba katikati ya mti na kuubeba mabegani kama wanaobeba mgonjwa. Kila baada ya hatua hamsini wanatua. Mmoja akaniuliza, "Fundi, humu ndani kuna nini, mawe?" Nikamwambia kuna risasi. Akaiangalia ile betri kwa heshima mpya, nadhani alifikiria risasi za bunduki.

Agosti tukawasha. Upepo wa kiangazi, vumbi jekundu, jua halina hata kiwingu. Kila kitu kilienda vizuri mpaka nikaanza kujiona.

Simu ya kwanza ilikuja Januari, saa kumi na moja na nusu alfajiri: laini imekufa. Saa mbili asubuhi ikarudi yenyewe. Kesho yake hivyohivyo. Kesho kutwa ikafa saa tisa usiku na ikarudi saa nne asubuhi, halafu ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Hili la mwisho lilikuwa kosa langu dogo ndani ya kosa kubwa. Kifaa cha kukata mzigo nilikuwa nimekiweka kikate volti zikishuka 44 na kirudishe zikifika 46. Betri iliyochoka ukiiondolea mzigo tu, volti zinapanda zenyewe bila kuingiza hata ampea moja. Kwa hiyo kinakata, volti zinapanda, kinarudisha, zinashuka, kinakata. Siku hizi sirudishi mzigo chini ya volti 50.

Nilipanda kilima nikafika saa sita mchana, jasho mpaka kwenye viatu. Mawingu yalikuwa yamefunguka kidogo. Nikatoa mita, nikagusa vichwa vya betri: 54. Nikagusa tena, 54 na kitu. Nikamwambia mlinzi mambo safi, nikala karanga zake, nikashuka.

Fundi yeyote anayesoma hapa ameshaniona mjinga, na ana haki. Volti 54 za mchana zilikuwa za sola. Paneli zikiwa zinasukuma, mita inakuonyesha msukumo wa kontrola, kile kifaa kinachoongoza chaji ya sola kuingia kwenye betri; shibe ya betri haionekani. Ni kama kumpima mtu joto huku kikombe cha chai kiko mdomoni. Lakini siku ile nilishuka na hukumu yangu tayari: vifaa vizima, chaji inaingia, kwa hiyo betri ni ndogo. Na kusema kweli nilikuwa naitaka hukumu hiyo. Nilikuwa na karatasi ya 258 mfukoni.

"Bosi, si nilikwambia 258?"

Bosi alikubali kwa uchungu. Zikanunuliwa betri nyingine nne kama zile, vijana wanne na mti wao tena, nikazifunga mstari wa pili sambamba na ule wa kwanza. Sasa tulikuwa na ampea saa 400. Wiki zile tatu za Machi nililala usingizi wa mtoto. Hakuna simu, hakuna alfajiri. Nilitembea mjini kama mtu aliyeshinda kesi.

Aprili ikarudi palepale, na kilichonitisha ni Mei. Mvua ilikuwa imekwisha, mbingu nyeupe, jua zima, na laini inakufa alfajiri.

Kuna mzee mmoja pale mjini alistaafu kazi ya mawasiliano ya reli. Ujana wake wote alizunguka na betri za simu kwenye stesheni za Reli ya Kati, enzi za betri za vioo unazoona maji ndani. Nilimfuata nyumbani kwake jioni nikamkuta anaangalia fundi bomba akimfungia simtanki uani. Nikamweleza yote: nne, kisha nane, na bado njaa ileile.

Hakuuliza betri za kampuni gani. Aliuliza, "Sola uliongeza ngapi?"

"Sikuongeza, mzee. Sola zilikuwa zinatosha."

Akanyoosha kidole kwenye lile simtanki. "Hili ni la lita elfu mbili. Bomba letu hapa linatoka siku mbili kwa wiki. Nikinunua la elfu tano, maji yataanza kutoka siku ngapi?"

Nikanyamaza.

"Kijana wangu, umenunua simtanki ukasubiri mvua. Nenda kalale huko kilimani. Betri inapimwa alfajiri, kabla jua halijaisemea uongo."

Nikaenda kulala. Mlinzi wa pale, baba mtu mzima wa Kigogo, alinipokea na "Mbukwa" yake ya kila siku, tukala ugali wa uwele kwa mlenda, tukakaa nje ya kibanda. Saa tatu usiku nikachukua klampu mita, ile ya kupima ampea kwa kuubana waya tu, nikaibana kwenye waya mkuu wa kutoka betri. Ampea 2.3, volti 48.6. Hiyo ni wati 112. Kwenye karatasi yangu usiku ilitakiwa 90, na mimi nilikuwa najua vibao vya vifaa huwa vinatia chumvi, kwa hiyo nilitarajia hata chini ya hapo.

Nikaanza kubana waya mmoja mmoja. Redio zilikuwa zinakula wati 31 kila moja, pungufu ya kibao. Swichi 9. Taa 8. Jumla 79. Nani anakula hizo 33 nyingine?

Nikazunguka nyuma ya kabati na tochi mdomoni. Chini kabisa, nyuma ya kopo la rangi, kulikuwa na taa ndogo ya kijani na sauti ya feni. Inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa umeme wa soketi za nyumbani. Na ile inveta, Mungu anisamehe, niliiacha mimi. Agosti, siku ya kulenga antena, nilihitaji umeme wa laptopu, nikaifunga moja kwa moja kwenye betri kwa dharura, nikasema nitaiondoa tukimaliza. Miezi tisa. Hata isipolisha chochote ilikuwa inakula wati 18 kujiweka macho tu, usiku na mchana. Wati saa 432 kwa siku! Moja ya tano ya hesabu yangu yote, inakwenda kwenye taa ya kijani na feni.

Lakini haikuwa hailishi chochote. Waya ulitoka kwenye inveta, ukapita chini ya mlango, ukaingia kwenye kibanda cha mlinzi. Ndani kulikuwa na ubao umegongomelewa ukutani wenye soketi nyingi, na simu zimepangwa kama madaftari ya darasa la kwanza, kila moja na kipande cha karatasi chenye jina. Nilihesabu 25.

Baba wa watu hakujificha. "Fundi, umeme ulikuwepo. Watu wanatembea saa mbili kwenda kuchaji. Wengine wananipa mia tatu, wengine mayai. Nikatae?"

Nilikuwa nimejiandaa kukasirika, nikakosa pa kuanzia. Ukitazama chini kutoka pale unauona kijiji chote, na hakuna aliyewahi kugusa waya wala betri ya saiti ile, wakati saiti nyingine tulizokuwa tunazihudumia betri zimeibwa mpaka na nati zake. Ulinzi wa kilima kile haukuwa uzio wala kufuli. Ulikuwa ule ubao wa soketi.

Saa kumi na moja alfajiri nikaamka, nikapima betri kabla ya mbalamwezi kuzama: volti 45.1. Betri nane. Hizo si betri za kulala njaa siku moja. Hizo zilikuwa na miezi.

Tulikaa hadi jua likachomoza nikapiga hesabu upya kwenye daftari la mlinzi, ukurasa ulioandikwa nyuma madeni ya mayai. Redio, swichi na taa kwa vipimo vya kweli: wati saa 1,800. Inveta peke yake 432. Simu, pamoja na kinachopotea njiani, kama 300. Taa na redio ya mlinzi 150. Karibu 2,700 kwa siku. Na sola zangu? Wati 600 kwa saa tano na nusu, toa asilimia 30: 2,310.

Nikaelewa Agosti na Januari kwa wakati mmoja. Kiangazi, jua kamili likifika jumla ya saa sita na nusu kwa siku, zinaingia 2,700 na zinatoka 2,700, kwa hiyo saiti ilikuwa inaishi kwa kudra, hailimbikizi kitu. Mawingu ya Januari yakija na jua kamili likaanguka hadi jumla ya saa tatu, unaingiza 1,260 na unatoa 2,700. Kila siku unakopa 1,440, na hata mvua ikikata huna ziada ya kulipa deni. Betri hazikuwa zinafilisika usiku mmoja. Zilikuwa hazijawahi kushiba tangu Krismasi.

Na zile wiki tatu za raha za Machi? Betri mpya zilikuja na shibe yake kutoka dukani. Tulikuwa tunakula akiba ya muuzaji. Ilipokwisha, tukarudi kwenye bomba letu la siku mbili kwa wiki, safari hii tukiwa na tanki mara mbili ya lile la kwanza.

Ubaya wa betri za risasi ni kwamba njaa haiziachi salama. Betri ya aina hiyo ikikaa muda mrefu bila kujaa, salfeti inayotengenezeka kwenye mabamba ya risasi wakati wa kutumia umeme inaganda na kuwa chembe ngumu, haiyeyuki tena kirahisi hata ukichaji. Kila mwezi unapoteza kipande cha betri yako ukiwa umeibeba hivyohivyo kilo 60. Halafu kujaza ile sehemu ya mwisho, kama asilimia 20 ya juu, kunataka saa nyingi za chaji ya polepole, na jua halikusubiri. Watengenezaji wengi wanapenda betri hizi zipate chaji ya karibu sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake. Betri zangu za 400 zilitaka ampea 40. Paneli zangu mchana mzuri zilitoa 12, na mbili zinaliwa na mzigo palepale. Ni kama kumnywesha ng'ombe kwa kijiko cha chai.

Na kosa la kuchanganya betri mpya na zilizochoka sitaki hata kulirefusha. Zilizochoka zinazivuta chini zile mpya. Kufikia Julai zote nane zilikuwa za umri mmoja.

Kumwambia bosi ndiko kulikuwa kugumu. Karatasi ya 258 niliichana kabla sijaingia ofisini kwake. Nikamwambia inveta niliiacha mimi, betri nne za pili zilikuwa ushauri wangu, na sasa naomba pesa ya tatu. Alinyamaza muda. Akauliza swali moja tu, la maana kuliko yangu yote: "Sola na betri, ghali ni ipi?" Nikamwambia kwa miaka kumi, betri, mbali sana. Paneli inakaa miaka zaidi ya 20 ukiilinda na mawe ya watoto. Betri hizi kwenye joto letu ukipata miaka minne shukuru. "Basi kwa nini umekuwa unabana kwenye cha rahisi?" Sikuwa na jibu. Nilichokuwa nacho ni mazoea: wote tunaanza na betri, kwa sababu laini ikifa usiku ni betri inayoonekana imekufa.

Hesabu ya tatu nilianza na vipimo, vibao sikuvitazama. Mzigo wa kweli 1,800, nikaweka 2,200 kwa sababu hakuna saiti niliyowahi kuiona ikikaa na vifaa ilivyozaliwa navyo. Mwaka haupiti kabla mtu hajaleta redio ya tatu. Wastani wa mwaka nikautupa, nikachukua saa nne za jua, za mwezi mbaya, na hasara nikapandisha hadi asilimia 35. Wati 846. Hizo ni za kula ya siku tu. Nikaongeza theluthi ya kulipia madeni ya mawingu, ikapita 1,100, nikafunga paneli nne za wati 320. Kontrola ya ampea 20 nikaiondoa nikaweka ya 40. Betri tulikwenda kwenye seli za jeli, yaani betri ndogondogo za volti mbili, 24 zimefuatana, ampea saa 300. Kila moja mtu mmoja anaibeba begani, na vijana wa kijijini walinishukuru kwa hilo kuliko kwa intaneti.

Mwelekeo wa paneli nao ulinipa aibu ndogo. Mara ya kwanza nilizilaza nyuzi 20 kuelekea kaskazini, kwa sababu kitabu kinasema ukiwa kusini mwa ikweta tazama kaskazini. Kweli, lakini Dodoma iko nyuzi 6 tu kusini. Desemba na Januari jua la saa sita linapita kusini ya utosi wetu. Yaani miezi ile ya mawingu, ambayo kila wati ina thamani, mimi nilikuwa nimelipa jua kisogo. Sasa naweka nyuzi 10: pungufu ya hapo vumbi na maji vinatuama kwenye glasi, zaidi ya hapo ninaiibia Januari ili niitajirishe Juni, ambayo haina shida.

Vumbi ni habari yake. Kati ya Julai na Oktoba upepo wa huku unapaka glasi unga mwekundu mpaka paneli inafanana na kigae. Siku moja ya Septemba, saa tano asubuhi, nilibana waya wa sola nikasoma ampea 16. Mlinzi akachukua kitambaa na kopo la nusu lita, maji yale ya kupandishwa kwa punda, akapangusa paneli nne kwa kopo moja, hakumwaga hata tone kwenye mchanga. Nikasoma tena: 20. Anapangusa alfajiri, glasi ikiwa bado baridi, mara moja kwa wiki. Nilitaka kumpa brashi ndefu ya kisasa. Akaniambia brashi inahitaji ndoo.

Joto nalo. Betri za mwanzo zilikaa kwenye boksi la bati lililopigwa jua. Novemba nilipima ndani nyuzi 44. Kanuni inayojulikana ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 zinakata maisha ya betri ya risasi nusu. Tulijenga kijumba cha matofali, paa mbili zenye nafasi katikati, matundu chini na juu yenye wavu. Wavu uwe mdogo. Wa kwanza ulikuwa mkubwa, nyuki wakaingia, na huku kwetu nyuki hawahitaji kualikwa mara mbili. Fundi aliyekwenda kukagua alishuka kilima kile kwa dakika nne. Mlinzi alipata asali.

Simu za kijiji sikuzikata. Tulifunga mfumo wa pembeni, paneli moja ya wati 100 na betri yake moja, hauna uhusiano wowote na mnara, tukamkabidhi mlinzi. Ukiisha umeisha. Inveta nikaondoka nayo mwenyewe, mkononi, nikaitia kwenye gari nikafunga mlango.

Mwaka 2021 betri za jeli zikabadilishwa kwa lithiamu, paketi mbili za volti 51.2, ampea saa 100 kila moja. Ni nyepesi, unaweza kuzitumia karibu zote, na njaa ya nusu nusu haiziumizi kama zile za risasi. Watu wananiambia lithiamu imemaliza tatizo. Imemaliza tatizo la betri kuoza kwa njaa. Tatizo la kuingiza kidogo kuliko unachotoa liko palepale. Tena imeniondolea kipimo cha mzee wangu, kwa sababu volti zake zinakaa bapa, alfajiri unasoma 52 ikiwa imejaa nusu na bado 52 ikikaribia robo, halafu ubongo wake wa ndani unakata ghafla bila salamu. Kwa lithiamu lazima kifaa kinachohesabu ampea zinazoingia na kutoka. Kile cha saiti yetu kinaonyesha asilimia, na mlinzi anaiandika kila alfajiri.

Januari iliyopita nilipanda kukagua, mawingu yakiwa yametanda toka juzi yake. Nikafungua daftari lake. Upande wa kushoto asilimia za mnara: 96, 91, 88. Upande wa kulia mfumo wake mdogo. Siku ya kwanza ya mawingu ameandika simu 20. Siku ya pili simu 9. Siku ya tatu hakuna namba, ameandika kwa kalamu nyekundu: "Leo mawingu. Simu nimekataa, hata ya mwenyekiti."